Mwili Ulikuwa Umezoea Nini? Uchambuzi wa Wakimbiaji Watano wa Kakuma

Agosti 2016, mjini Rio de Janeiro, timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki iliingia uwanjani ikiwa na wanamichezo kumi. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma nchini Kenya, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera usiku wa ufunguzi. Wote watano walitolewa katika mchujo wa kwanza. Safari zao za kukimbia vita zimesimuliwa mara nyingi, na zinastahili kusimuliwa. Riadha yenyewe ndiyo iliyoachwa nyuma: nani aliwekwa kwenye umbali gani, kwa nini, na saa ilisema nini. Kwa walimu wa michezo wa Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei wanaotafuta wakimbiaji wengine leo, hapo ndipo penye somo.

Tuanze na saa. James Nyang Chiengjiek alikimbia mita 400 kwa sekunde 52.89. Yiech Pur Biel alimaliza mita 800 kwa dakika 1:54.67, na Rose akamaliza umbali huohuo kwa 2:16.64. Katika mita 1,500, Paulo Amotun Lokoro alipata 4:03.96 na Anjelina Nadai Lohalith 4:47.38. Wao waliingia kwa mwaliko wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, kwa hiyo hawakuhitaji muda wa kufuzu, lakini muda huo unatusaidia kama kipimo. Mwaka ule ulikuwa sekunde 45.40 kwa mita 400 za wanaume, 1:46.00 kwa mita 800 na 3:36.20 kwa mita 1,500. Kwa wanawake ulikuwa 2:01.50 kwa mita 800 na 4:07.00 kwa mita 1,500.

Ukiweka matokeo ya kila mmoja kando ya kipimo chake, utaona jambo ambalo orodha ya matokeo inalificha. Biel alikuwa nyuma kwa asilimia 8 hivi. Rose na Lokoro walikuwa nyuma kwa asilimia 12 hadi 13. Lohalith na Chiengjiek walipita asilimia 16. Watu waliotoka kambi moja, wakalala kituo kimoja, wakala chakula kimoja na kufunzwa na walimu walewale, wametofautiana maradufu. Juhudi haielezi tofauti hiyo, kwa sababu wote walijituma. Naamini sehemu kubwa ya jibu ni umbali waliopewa, ukilinganishwa na kazi ambayo miili yao ilikuwa imefanya kabla ya kukanyaga uwanja wa riadha.

Ili kuelewa hivyo, lazima kwanza tuiangalie Kakuma kama mahali pa mazoezi. Watu wa mbali husikia "Kenya" wakafikiria Iten, ukungu wa asubuhi na mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kakuma iko karibu mita 600 tu. Hewa yake ni nzito na ina oksijeni ya kutosha, kwa hiyo mwili haulazimiki kuongeza damu kama unavyolazimika huko juu. Kinachoulazimisha kufanya kazi ni joto. Jua likishapanda, moyo unasukuma damu kwenda kwenye ngozi ili kupoza mwili, na miguu inabaki na kidogo. Anayetaka kufanya mazoezi ya maana ana saa moja na nusu hivi alfajiri na nyingine jioni, basi.

Halafu kuna ardhi. Mchanga wa laga ya Tarach, mto wa msimu, unameza msukumo wa mguu: unakanyaga, unazama, na nguvu uliyoitoa hairudi. Ni mazoezi mazuri ya misuli ya mashavu ya miguu na nyonga, lakini hayamfundishi mkimbiaji kugusa ardhi haraka na kuruka. Kando ya laga ardhi ni ngumu zaidi, ila kuna mathenge, mti wa miiba. Mwiba wa mathenge uliokauka hutoboa gurudumu la bodaboda, sembuse kandambili. Mkimbiaji anayepita njia hizo pekupeku huangalia chini badala ya mbele, hufupisha hatua na kukunja mabega. Mazoea hayo huingia mwilini, na kuyatoa huchukua miezi.

Mwaka 2015 wakfu wa Tegla Loroupe uliendesha mbio za majaribio Kakuma, na wengi walikimbia pekupeku au kwa viatu visivyowatosha. Loroupe, mzaliwa wa Pokot Magharibi, ndiye mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda New York Marathon, mwaka 1994, akarudia 1995. Tangu 2003 alikuwa akiandaa mbio za amani kati ya jamii za wafugaji wa mpakani, Wapokot na Waturkana wakiwemo, kwa hiyo alijua eneo hili kabla Olimpiki haijalijua. Waliochaguliwa walihamia kituo chake Ngong, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Tarehe 3 Juni 2016, kutoka orodha ya wanamichezo 43 waliofikiriwa duniani kote, majina kumi yalitangazwa. Nusu yake yalitoka Kakuma.

Walikuwa na chini ya mwaka mmoja kujiandaa. Muda huo unatosha kujenga pumzi: moyo unakua, damu inaongezeka, na mkimbiaji anaweza kukimbia saa nzima bila kuvunjika. Hautoshi kujenga kano za nyuma ya kisigino zilizozoea viatu, wala kasi ya juu, wala ujuzi wa kukimbia katikati ya kundi la watu wanaosukumana viwiko. Chiengjiek amewahi kueleza wazi kwamba viatu visivyofaa viliwaletea majeraha mengi. Mwalimu aliyepewa miezi michache namna hiyo hawezi kufundisha kila kitu. Karata yake kubwa ni kumweka kila mtu kwenye umbali ambao mwili wake tayari una nusu ya jibu.

Kwa Biel karata ilikaa sawa. Kambini alikuwa mchezaji wa soka, na ameeleza kwamba aliiacha kwa sababu kule matokeo yake yalitegemea wenzake, ilhali katika mbio aliona hatima iko mikononi mwake. Fikiria dakika tisini za soka zinamfanyia nini kijana. Anakimbia mita ishirini kwa kasi yote, anatembea, anarudi nyuma mbio, anasimama, anaruka, anakimbia tena kabla pumzi haijarudi. Hayo ni mazoezi ya vipande vya kasi vyenye mapumziko mafupi, yaani kile ambacho mwalimu wa mita 800 huwapa wakimbiaji wake Jumanne na Ijumaa. Mita 800 inahitaji pumzi kwa karibu theluthi mbili na kasi kwa sehemu inayobaki. Biel alifika Ngong akiwa ameshalipia sehemu ya zote mbili miaka kadhaa bila kujua. Hata hivyo sekunde 57 kwa mzunguko si 53, na mchujo haumsubiri mtu.

Kwa Chiengjiek karata haikukaa. Mita 400 ndiyo umbali usiosamehe mgeni. Zaidi ya nusu ya nguvu yake haitokani na oksijeni, kwa hiyo pumzi iliyojengwa Ngong inasaidia kidogo tu. Inadai kutoka haraka kwenye vibao vya kuanzia, kupinda kona kwa kasi bila kupoteza mstari wako, na mita mia za mwisho ambapo misuli imejaa asidi na magoti hayataki kupanda. Mambo hayo hujengwa tangu shule, kwenye uwanja wenye mistari na kwa spaiki miguuni. Yeye alijifunza mbio na wavulana waliokuwa wakifanya mazoezi ya masafa marefu. Sekunde saba na nusu nyuma ya kipimo katika mzunguko mmoja ni pengo ambalo hakuna mwalimu angeliziba kwa miezi michache. Olimpiki iliyofuata alikuwa kwenye mita 800, na huo nauhesabu kuwa uamuzi bora wa kiufundi katika hadithi hii yote.

Waturkana, wenyeji wa eneo hili, wana mfano wao wa kuhama hivyo, na inashangaza jinsi usivyotajwa viwanjani kwetu. Paul Ereng alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walimu wake walimhamishia mita 800, na mwaka huohuo wa 1988 akashinda dhahabu ya Olimpiki Seoul kwa 1:43.45, akiwapita Joaquim Cruz wa Brazil na Saïd Aouita wa Morocco. Hakupewa mapafu mapya Virginia. Mtu alimtazama, akaona kwamba kasi aliyokuwa nayo ingeua zaidi katika mzunguko wa pili kuliko wa kwanza.

Kuhusu Rose nina maoni tofauti na yale ya walimu wake, nao walimwona kila siku nami sikumwona. Mbio zake za kwanza kambini zilikuwa kilomita 10, alizoingia kwa kushauriwa na mwalimu shuleni, bila mazoezi, akashika nafasi ya pili. Mtu anayeingia kilomita 10 hivyo akatoka wa pili ametangaza mwili wake unapenda nini. Mita 800 zilimpa jukwaa, lakini ziliminya kile alichokuwa nacho kwa wingi na kumdai kasi aliyokuwa nayo kidogo. Ningempeleka mita 1,500 mapema. Najua hoja ya upande wa pili: kwenye umbali mrefu aliyeanza jana huachwa mbali sana, na macho ya dunia nzima yako pale. Ni hoja ya utu, na ina uzito.

Lohalith ananisaidia kusimama upande wangu. Mwaka 2016 pengo lake lilikuwa kubwa zaidi ukihesabu kwa sekunde, karibu 11 kwa kila mzunguko. Miaka mitano baadaye, kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, alikimbia mita 1,500 kwa 4:31.65, karibu sekunde 16 chini ya muda wake wa Rio. Lokoro, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe kabla ya kambi na aliyezoea kutwa nzima kwa miguu, alishuka kutoka 4:03.96 hadi 3:51.78. Rose katika mita 800 alitoka 2:16.64 hadi 2:11.87. Kwa asilimia, wawili wa mita 1,500 walisonga mbele kwa takriban 5, naye 3.5. Wote walifanya mazoezi kwa bidii, ila umbali mrefu uliwalipa zaidi kwa kazi ileile. Chiengjiek alianguka katika mchujo wake wa mita 800, akainuka, akamaliza kwa 2:02.04, kwa hiyo saa yake ya Tokyo haitufundishi kitu kuhusu umbali.

Linganisha 3:51.78 ya Lokoro na jambo moja la Rio: Matthew Centrowitz wa Marekani alichukua dhahabu ya mita 1,500 mwaka 2016 kwa 3:50.00, kwa sababu fainali ile ilikimbizwa polepole na kuamuliwa kwenye mzunguko wa mwisho. Sisemi Lokoro angeshinda. Angefyekwa mara tu kengele ilipolia. Lakini kwa mizunguko ya mwanzo angekuwa kwenye kundi, na kukaa kwenye kundi ndicho kitu ambacho wakimbiaji wetu hawa hawakupata kujifunza.

Hapo linaingia suala la mashindano. Kijana wa Lodwar akisikia kuna mbio Kitale wikendi, anapanda gari. Mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei anahitaji kibali cha kutoka, na kibali hakifuati kalenda ya riadha. Mkimbiaji wa mita 800 anahitaji mbio nyingi kwa msimu ili ajue lini asogee nje, lini akae ndani ya mstari, na afanye nini akizibwa. Ukimpeleka Olimpiki akiwa amekimbia mbio chache za kweli, hata pumzi nzuri ataimaliza kwenye mita 300 za kwanza kwa wasiwasi.

Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016 kwenye barabara ya kwenda Lokichogio, ina kitu ambacho Kakuma ya 1992 haikupangiwa: wakimbizi na Waturkana wanasoma shule moja. Kwa mwalimu wa riadha hiyo ni zawadi. Mashindano yanaweza kuja kwake badala ya yeye kwenda nje, wenyeji na wakimbizi kwenye mstari mmoja kila wiki mbili, bila kibali cha mtu. Kinachohitajika ni uwanja wa mita 400 uliopimwa kwa kamba, ukafagiliwa miiba, na saa moja inayoaminika.

Na kabla ya kumpa mtoto jina la "mkimbiaji wa 800", ningeomba apimwe mara mbili katika wiki moja, mita 400 na mita 3,000, zote alfajiri, kisha aulizwe alikuwa akifanya nini kabla. Aliyecheza soka na kukimbia 400 vizuri, mpe mizunguko miwili. Aliyechunga au aliyebeba maji masafa marefu, na ambaye hachoki kwenye 3,000, usimkimbize kwenye kasi. Mpe mita 1,500 na umpe miaka. Perina Lokure Nakang, aliyekulia Kakuma, alifika Paris 2024 kwenye mita 800, na michezo ile ilileta kanuni mpya: kuanzia mita 200 hadi 1,500, asiyefuzu kwenye mchujo alipata mbio ya pili ya kujaribu tena. Kwa mkimbiaji wa 800 ilikuwa na maana ya mbio mbili ngumu kwa siku mbili mfululizo, kwa hiyo kupumzika na kula baada ya mbio ya kwanza nako kufanyiwe mazoezi huku nyumbani, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja uleule uliofagiliwa.