Ua Linalojaza Karatasi

Mwambie mtoto achore ua. Ataweka duara dogo katikati ya karatasi, alizungushie vijiduara vitano au sita, ashushe mstari wenye majani mawili, kisha amalizie na jua kwenye pembe. Hapo hajatazama ua lolote. Ameandika alama aliyoizoea, kama anavyoandika jina lake. Dawa ya mazoea hayo ni nyepesi: mtake alichore ua kubwa mpaka ncha za petali zikatwe na kingo za karatasi, kisha alipake rangi za maji. Ukubwa utamlazimisha kutazama, na rangi za maji zitamlazimisha kusubiri. Kwa sababu hizo mbili, somo hili linastahili heshima kubwa kuliko linayopewa kwa kawaida.

Aliyeuonyesha ulimwengu nguvu ya ukubwa huo ni mchoraji wa Marekani, Georgia O'Keeffe (1887–1986), aliyeanza kuchora maua makubwa mwaka 1924. Picha yake Black Iris ya mwaka 1926, iliyochorwa kwa rangi za mafuta, ina urefu wa takriban sentimita 91 kwa ua ambalo lingetosha kiganjani. Alieleza kwamba ua ni dogo na watu wana haraka, basi akalikuza ili hata wakazi wa New York wasimame walitazame. O'Keeffe alikuwa pia mwalimu: kati ya 1912 na 1914 alisimamia masomo ya uchoraji katika shule za Amarillo, Texas. Baadaye alisoma kwa Arthur Wesley Dow, aliyefundisha kwamba mchoraji huanza kwa kuigawa nafasi vizuri. Na mwaka 1917, akifundisha chuoni Canyon, Texas, alichora mfululizo wa Evening Star kwa rangi za maji, akiacha weupe wa karatasi utenganishe rangi na rangi.

Chukua ua la haibiskasi, lile jekundu la kwenye nyua za nyumba. Likichorwa dogo, mrija wake wa katikati ni kistari tu. Likijaza karatasi, mtoto hana pa kujificha: mrija unatokea wapi? Ataona stameni nyingi zenye chavua ya manjano, na kileleni vinundu vitano vya stigma. Ataona petali tano zinavyopandana, kila moja ikiukalia ukingo wa jirani yake. Kisha huja maji. Petali moja hulowanishwa kwa maji safi, brashi yenye rangi ikagusa upande wa kitovuni, na rangi ikatambaa yenyewe, ikififia kuelekea ukingoni. Petali ya pili haiguswi mpaka ya kwanza ikauke, la sivyo rangi zitaingiliana. Kwa hiyo hupakwa ya kwanza na ya tatu, kisha ya pili na ya nne, na ya tano hubaki kusubiri zamu yake peke yake. Mng'aro ni weupe wa karatasi ulioachwa, nao ukishafunikwa ni vigumu kuurudisha. Mtoto hujifunza kuamua kabla ya kugusa.

Wapo wasemao kwamba kumketisha mtoto mbele ya ua ni kumfundisha kunakili, na kunakili huua ubunifu. Hoja hiyo ina uzito pale mwalimu anapochora ubaoni na darasa zima likamwiga. Lakini ua halisi halionekani sawa kutoka viti viwili. Watoto wakiachiwa mazoea hurudia kijiua kilekile. Wakitazama, kila mmoja huja na lake. Wengine huona ni anasa. Ni kweli karatasi nyembamba hujikunja ikilowa, na iliyo nene ina bei. Hata hivyo rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, zinatosha kuanzia, ua huchumwa bure, na karatasi moja nene iliyofanyiwa kazi kwa saa nzima ina faida zaidi kuliko kumi zilizochafuliwa kwa dakika tano. Jicho lililozoea kuhesabu stameni litafaa pia katika somo la sayansi.

Basi, mwalimu, na wewe mzazi: kabla ya kugawa penseli, gawa maua. Acha watoto wayatazame kimya kwa muda, ndipo waanze kuchora.