Mizani Chini ya Moshi: Kuzisoma Turubai za Julie Mehretu

Wasomaji wa kurasa hizi wananijua kwa msimamo mmoja, nao nimeushika kwa zaidi ya miaka ishirini: kwamba shairi lisilo na vina wala mizani halina pa kukaa katika kifua cha mtu. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Utenzi husomwa ukumbini, na bibi asiyejua kusoma akaushika kwa moyo, kwa kuwa kina humpa mkono na mizani humpa hatua. Lisilo na viwili hivyo, nilisema, litasomwa mara moja kisha lifungiwe kabatini. Tangu Euphrase Kezilahabi alipoitoa Kichomi mwaka 1974 ugomvi huu haujapoa, nami niliuingia nimechelewa, ila kwa sauti kubwa. Leo nakusudia kuandika juu ya picha, si juu ya mashairi. Lakini ni haki msomaji ajue nilikuwa nimesimama wapi kabla ya kwenda kusimama mbele ya turubai hii.

Nilikuwa London kwa kazi ya tafsiri, na mwenyeji wangu akanipeleka katika makumbusho ya Tate Modern. Nilikwenda kwa adabu tu. Picha dhahania, zile zisizo na mtu wala mti wala jahazi, nilikuwa nikiziweka kapu moja na mashairi huru: kazi ya watu walioshindwa na kazi ngumu. Tukaifikia Mogamma, sehemu ya tatu, aliyoichora Julie Mehretu mwaka 2012 kwa wino na akriliki. Kwenda juu ina sentimita 457, na upana wake ni sentimita 366. Mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe ungesimama ndani yake na bado pakabaki nafasi.

Kwa mbali niliona moshi. Weusi na ujivujivu umetanda, mikwaruzo imerukiana, kama vile upepo umepita juu ya majivu. Nikasema moyoni: naam, ndiyo haya. Nikasogea ili nipate la kulaumu, na hapo ndipo moshi ulipoanza kufunguka. Chini ya mikwaruzo ile kuna mistari ya rula, myembamba kama uzi, maelfu kwa maelfu: matao, madirisha, nguzo, ngazi, kuta zilizochorwa kwa vipimo vya msanifu majengo. Jengo juu ya jengo, mji juu ya mji, kila mmoja unaonekana kupitia mwenziwe. Hakuna mstari uliochorwa kwa kubahatisha. Mizani ilikuwako, tena kali kuliko ya utenzi wowote nilioutunga mimi; ila ilikuwa imelazwa chini, na juu yake pameachiwa mkono upige kelele.

Mehretu ni rika langu. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970, baba Muhabeshi, msomi wa jiografia, na mama Mmarekani. Mwaka 1977 ukoo wake ulihama Ethiopia ukaenda kukaa Michigan, Marekani. Ni mwaka uleule ambao, mwezi wa Aprili, Mengistu Haile Mariam alisimama katika uwanja mkuu wa Addis Ababa, uliokuwa ukiitwa wakati huo Uwanja wa Mapinduzi, akavunja chupa zilizojaa wekundu wa damu mbele ya halaiki, ikawa ndiyo tangazo la kuchinjana. Siku hizi uwanja huo huitwa Meskel. Ramani yake imo ndani ya Mogamma, imechanganywa na ramani za majengo yanayouzunguka uwanja wa Tahrir wa Cairo, na za bustani ya Zuccotti ya New York, walikopiga kambi waandamanaji wa mwaka 2011. Yeye hakuchora chupa, wala damu, wala mtu aliyeinua ngumi. Amechora mahali ambapo watu hukusanyika, kisha akachora kelele zao bila ya midomo yao.

Mfasiri hawezi kulipita jina hili kimyakimya. Mogamma ni jumba kubwa lililokuwa la ofisi za serikali kando ya Tahrir, ambamo kwa miaka mingi kila Mmisri aliyehitaji karatasi yenye muhuri ilimlazimu aingie, apange foleni, apandishwe na kuteremshwa ngazi. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na Wamisri huitamka jimu kuwa ga. Likirudishiwa jimu yake tutamwona ndugu yetu wa damu. Ni shina lilelile lililotupa jamaa, jamii, jumuiya, na Ijumaa yenyewe. Na Tahrir nayo ni shina moja na uhuru wetu. Hivyo Mswahili anayelisoma jina la turubai hii analisoma kwa faida asiyoipata Mwingereza aliyesimama pembeni yake: jumba linaloitwa kwa shina la jamaa, limegeuka kuwa mahali pa kuwachosha jamaa, na mbele ya mlango wake, uwanja wa uhuru. Sijui tafsiri iliyo bora kuliko kuiacha jina lake na kuitamka polepole.

Nije kwenye namna ya kazi, maana hapa ndipo penye utamu. Mehretu huchora kwa wino, kisha huimwagia turubai tabaka la akriliki inayopitisha nuru, huliacha likakauka, hulipiga msasa mpaka likawa laini, halafu huchora tena juu yake. Tabaka la kwanza halifi, linazama tu. Mara nyingine hufuta kwa makusudi, na alama ya kufuta ikabaki nayo kuwa mchoro. Waliopita chuoni zamani watanielewa haraka. Ubao wetu tulikuwa tukiuosha kila tulipohitimu somo, na mwalimu akatuandikia jingine, lakini mbao za zamani hazikuwa zikisafika kabisa. Chini ya herufi mpya palikuwa na vivuli vya herufi za kaka zetu. Mtoto mwerevu aliweza kusoma somo la jana chini ya la leo.

Juu ya ukubwa nina maneno mawili. Sisi wa visiwani tumezoea picha ya kubebeka. Tingatinga hupimwa kwa mkoba wa mgeni atakayeinunua. Turubai ya mita nne na nusu haikusudii kubebwa. Inakulazimisha wewe utembee: urudi nyuma uone moshi, usogee uone rula, na katu hutaviona vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukubwa huo ndio kibwagizo chake, kwani hukurejesha mahali palepale ukiwa umebadilika kidogo. Walakini ukubwa una hatari yake pia. Mwaka 2009 Mehretu alimaliza picha ya ukutani yenye urefu wa mita 24 hivi katika jengo la benki ya Goldman Sachs, New York, si mbali na bustani ileile ya Zuccotti. Msanii lazima ale, nami nimewahi kuwatungia matajiri mashairi ya harusi. Lakini mtu aliyezichora kelele za uwanjani na akapamba pia ukumbi wa benki ameacha swali ambalo mistari yake haijalijibu. Wasifiaji wake hulipita haraka mno.

Tangu mwaka 2016 hivi amebadili mwendo. Rula amepunguza, na katika turubai nyingi ameiweka kando. Huchukua picha ya habari, huivuruga mpaka isitambulikane, huipuliza rangi, kisha hupiga mikwaruzo yake juu ya wingu hilo. Katika hizo mashuhuri ni Hineni (E. 3:4) ya mwaka 2018, iliyoko Centre Pompidou, Paris. Chini ya wekundu na manjano yake kuna moto: misitu ya California iliyoungua 2017, na nyumba za Warohingya zilizochomwa Myanmar mwaka huohuo. Jina ni Kiebrania, jibu la Musa alipoitwa kutoka katika kichaka kinachowaka. Kwetu neno lake lipo, tena analijua kila mtoto aliyelelewa: labeka.

Hapa ndipo ninapogombana naye. Jina ni zuri, rangi ni nzuri, lakini moto wa nani? Asiyesoma karatasi iliyobandikwa pembeni hatawajua Warohingya hata akae siku tatu. Katika Mogamma ufunguo wa fumbo umo ndani ya fumbo; sogea, utauona. Katika Hineni ufunguo uko mfukoni mwa mwenyewe, nasi twangoja atuoneshe. Nilipoandika sentensi hiyo nilijipongeza, kisha nikamkumbuka Muyaka bin Haji. Nani leo anayafumbua mafumbo ya Muyaka bila ya msaada? Yale ya ugomvi wa Mombasa na Seyyid Said yalijulikana na waliokuwapo. Lau kama Mwalimu Sikujua asingekaa na William Taylor akamfafanulia moja baada ya moja, tungekuwa tumebakiwa na vina vitamu na kiza. Hatukusema kwa hayo kuwa Muyaka alishindwa kutunga. Kwa hiyo naipunguza lawama yangu, ingawa siiondoi: Muyaka anapokosa kueleweka bado anaimbika, na mtu akaubeba ubeti kwa miaka mpaka siku utakapomfungukia. Hineni sijui mtu ataibebaje akishatoka mlangoni. Mogamma mimi nimeibeba.

Jambo la mwisho ni langu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa hapa kisiwani aliniletea mswada wa mashairi huru aniandikie dibaji. Niliurejesha umejaa wino mwekundu, na ukurasa wa mwisho nikamwandikia kwamba hakuna atakayekumbuka hata mshororo mmoja. Niliporudi kutoka safari ile nilimtafuta, nikamwomba aniletee tena, nipate kuutazama kwa karibu kama kuna mistari ya rula niliyoikosa. Huenda haimo. Si kila aliyekwaruza ni Mehretu, na hili sitaliacha kulisema. Alinipokea kwa heshima, akaniambia, "Mzee wangu, ule mswada niliuchana jioni ileile." Akanyamaza. Kisha, tukiwa tumekaa barazani kwao, akaanza kunisomea kwa moyo, na mpaka adhana ya Magharibi ilipolia alikuwa hajafika katikati.