Ndege Katolewa, X Kawekwa: Jina Ni la Nani?

Kama umekulia Dar es Salaam, huhitaji kufafanuliwa herufi X. Unaamka asubuhi unaikuta imepakwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara, na kila mpita njia anaelewa kwamba hapo patabomolewa. Shuleni nako, mwalimu akikupa vema umepata, akichora X umekosa. Kwenye hisabati ndiyo kabisa: x ni kile tusichokijua. Sasa Julai 2023 Elon Musk akaichukua herufi hiyohiyo akaibandika juu ya Twitter, mtandao aliounua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na yule ndege wa bluu akastaafishwa.

Wakosoaji wengi waliishia kwenye sura ya nembo. Mimi nembo hainisumbui sana. (Inafanana mno na herufi moja ya kihisabati iliyomo ndani ya Unicode tangu 2001, lakini tuyaache hayo.) Kinachonisumbua ni dhana kwamba jina la kitu ni mali ya mwenye hatimiliki, yaani akiamka vibaya anaweza kulibadilisha kama mtu anavyobadilisha pazia.

Mwanaisimu Ferdinand de Saussure alishatufundisha kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa nasibu. Hakuna chochote ndani ya sauti za neno "mti" kinachofanana na mti. Kinachoshikilia maana ni makubaliano ya wasemaji. Chapa nayo iko hivyo, na Twitter ni mfano mzuri kuliko yote, kwa sababu msamiati wake mwingi haukutoka ofisini. Hashtegi ilipendekezwa na mtumiaji, Chris Messina, Agosti 2007. Kuanza na alama ya @ unapomjibu mtu, kurudia ujumbe wa mwenzako, hata neno "tweet" lenyewe, vyote vilianzia kwa watumiaji, kampuni ikafuata nyuma. Wakenya wakajiita KOT, na mpaka leo ile T bado ipo palepale.

Kiswahili nacho kilishamaliza kazi yake: nimetwiti, ametwiti, tumetwitiana. Jaribu kunyambulisha X uone. Nimeeksi? Tumeeksiana? Hiyo ya pili wapenzi walioachana wataielewa vibaya. Kinachobaki ni "kuposti", kitenzi ambacho Facebook na Instagram wanacho tayari. Kampuni ilikuwa na kitenzi chake peke yake duniani, ikakitupa.

Lakini kichekesho kikubwa zaidi ni cha kikompyuta, na hapa naomba utulie nami kidogo. Aprili 2024, programu ya X kwenye simu za iPhone ilianza kubadilisha maandishi yenyewe: popote mtu alipoandika twitter.com, wasomaji wakaonyeshwa x.com. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza wa kompyuta ameshaandika kitu cha aina hii: tafuta mfuatano huu wa herufi, weka ule. Tatizo ni kwamba kompyuta haijui neno linaanzia wapi na kuishia wapi mpaka uiambie. Iamuru ibadilishe "mama" kuwa "mzazi" katika hadithi nzima, halafu nenda kasome sentensi yenye "simama". Utakuta "simzazi".

Sasa chukua anwani fedetwitter.com. Ndani yake mna twitter.com. Iondoe, weka x.com, na machoni pa msomaji inakuwa fedex.com, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Ila kilichobadilika ni maandishi tu. Ukibonyeza, kiungo kinakupeleka kulekule fedetwitter.com, kwa yeyote aliyeisajili. Vivyo hivyo netflitwitter.com ikasomeka netflix.com. Tapeli hakuhitaji ujuzi wowote, kampuni yenyewe ilimfanyia kazi ya kumvalisha sare. Bahati nzuri baadhi ya watu walisajili anwani za namna hiyo mapema ili wezi wasiziwahi, na kosa likarekebishwa haraka. Na tiba yenyewe ni sharti dogo tu: kabla ya kubadilisha, angalia kama kuna herufi nyingine imegandamana na neno upande wa kushoto.

Ndiyo hivyo hivyo hata ukutani. Siku ya kubandua jina kwenye jengo lao San Francisco, kazi ilisimamishwa na polisi njiani, zikabaki herufi mbili: "er". Anwani ya mtandao yenyewe haikuhamia rasmi x.com hadi Mei 2024, miezi kumi baadaye.

Tumtendee haki Musk. Herufi hii hakuiokota jana: mwaka 1999 alianzisha benki ya mtandaoni iliyoitwa X.com, ambayo baadaye ikawa sehemu ya PayPal, na mwaka 2017 akainunua tena anwani hiyo. Anataka programu moja ya kila kitu, kama WeChat ya China. Sawa, ni nia inayoeleweka. Ila huwezi kumkabidhi mtu pesa zake kwa alama ambayo kwenye ukuta wake ina maana ya kuhama.

Na kuna hasara isiyochekesha. Tangu Januari 2021, watafiti waliothibitishwa waliweza kukusanya hadi twiti milioni 10 kwa mwezi bila malipo. Mwaka 2023 mlango huo ulifungwa, na kifurushi cha bei nafuu kikawa dola 100 kwa mwezi kwa kusoma twiti 10,000. Gawanya mwenyewe: ni mara elfu moja pungufu, tena kwa kulipia. Wenzetu wa Kiingereza wana magazeti, vitabu na kumbukumbu za kila namna za kufundishia kompyuta lugha yao. Kwetu, Kiswahili kinavyosemwa kweli, pamoja na matusi na utani wake, kilikuwa kimerundikana pale. AfriSenti, mkusanyiko wa twiti zaidi ya 110,000 za lugha 14 za Kiafrika zilizopangwa kwa hisia zake, Kiswahili kikiwamo, ulitolewa mwaka huohuo wa 2023. Kwa bei hizo za 2023, mwanafunzi wa uzamili aliyetaka kuuongeza angeuza pikipiki kwanza.

Kwenye rasimu ya makala yangu nimeendelea kuandika "twiti". Mpitiaji mmoja ameniuliza mbona natumia jina la zamani. Nimemjibu kwamba data zangu ni za 2019 hadi 2022, na watu wale, wakati ule, walikuwa wanatwiti. Bado nasubiri jibu lake.