Roketi, Chombo na Gharama: Uhakiki wa Istilahi za Safari za Mwezini

Istilahi hupimwa kwa kazi inayoifanya. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno manne, yaani chombo, roketi, gharama na hasara, kwa kuyapima na habari za mpango wa Artemis, ambao kwao Marekani inakusudia kuwarudisha watu mwezini.

Neno chombo ni pana mno: jahazi ni chombo, sufuria ni chombo, redio nayo ni chombo cha habari. Upana huo wafaa katika mazungumzo, lakini katika hesabu za serikali wapotosha. Mwezi wa Machi 2022, Paul Martin, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa NASA, aliliarifu Bunge la Marekani kwamba kila urushaji, katika safari nne za mwanzo, utagharimu dola bilioni 4.1. Mfasiri akiandika kuwa "chombo" kinagharimu kiasi hicho, atakuwa amepotosha. Roketi ya SLS ilihesabiwa bilioni 2.2, chombo cha Orion, wanamokaa wanaanga, bilioni 1, sehemu yake ya huduma iundwayo Ulaya, milioni 300, na mitambo ya ardhini, milioni 568. Kwa hiyo twapendekeza roketi iwe kile kibebacho, na chombo cha anga kiwe kile kibebwacho.

Neno gharama nalo lina walakini. Hesabu tuliyoitaja haikutia fedha zilizotumika kubuni na kuunda mfumo huo hapo awali. Msomaji asiyeelezwa hivyo atadhani ameonyeshwa hesabu yote. Yafaa basi tutenge gharama za uundaji na gharama za kila urushaji, na neno bei tuliachie kitu kiuzwacho.

Hasara ndilo neno gumu zaidi. Injini za RS-25, zilizotumika katika vyombo vya Shuttle hadi 2011, ziliundwa zitumike mara nyingi. Katika SLS, nne kati ya hizo hutumbukia baharini kila safari. Mfasiri hushawishika kuiita hali hii hasara, lakini neno hilo lahukumu kabla ya kueleza. Roketi inayopaswa kurejea salama hubakiza mafuta ya kurudia, na mzigo iwezao kuupeleka hupungua. Isiyorejea huyatumia yote kupandisha mzigo. Aidha, sheria ya 2010 iliyoamuru roketi hiyo iundwe ilitaka mikataba, wafanyakazi na vipuri vya Shuttle vitumike kadiri iwezekanavyo. Kwa njia hiyo Bunge lilihifadhi ujuzi na ajira, nalo likajifunga kwa mitambo ya ghali. Roketi iliyotazamiwa kuwa tayari mwishoni mwa 2016 iliruka mara ya kwanza tarehe 16 Novemba 2022. Mshika mbili moja humponyoka.

Kwa jambo la namna hii twapendekeza neno badali, ambalo tayari limo katika lugha yetu, kwa maana ya kile kinachotolewa ili kingine kipatikane. Hasara humpata mtu bila kupenda. Badali huichagua mwenyewe, naye aweza kuulizwa kwa nini aliichagua. Mtumishi wa serikali aandikaye taarifa ya matumizi, na mwalimu afundishaye kuisoma, wanahitaji tofauti hiyo. Raia hawezi kudai maelezo ya uamuzi ulioandikwa kana kwamba ulikuwa ajali.