Sanamu zimebaki, nyumba imekwenda

Wandugu, mwaka jana nilikuwa Nairobi kwa mafunzo ya mbegu. Siku ya mapumziko nikaenda City Park kuangalia bustani ya sanamu ya Joseph na Sheila Murumbi. Mimi ni mtu wa kilimo, si mtu wa sanaa, lakini ile bustani iko na neno kwetu sisi watu wa Mudaka.

Murumbi alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, akajiuzulu mwaka huohuo. Yeye na mke wake Sheila walikusanya vinyago, vitambaa, stempu na vitabu zaidi ya 8,000. Miaka ya 1970 waliiuzia serikali nyumba yao ya Muthaiga, kwa mapatano kwamba itakuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Haikuwa. Nyumba ilibomolewa, miti ikakatwa. Murumbi alikufa mwaka 1990.

Leo vitabu na vitu vingi viko kwenye Nyaraka za Taifa, katikati ya mji. Sanamu kubwa ziko City Park, karibu na kaburi lao na la rafiki yao Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965.

Nisifu kwanza. Kazi ya mawe ya Elkana Ong'esa inapendeza zaidi chini ya miti kuliko ndani ya kioo. Unaizunguka, unaona namna mwanga unaibadilisha. Hakuna anayekuambia usogee nyuma.

Lakini bustani inaonyesha tu walikolala, haionyeshi walivyoishi. Kiti gani kilikaa karibu na kinyago gani? Sheila alisomea wapi? Hiyo ilikuwa ndani ya nyumba. Kwenye kitalu tunajua: mche ukiung'oa bila udongo wake, unaweza kushika, lakini mizizi mingi imebaki nyuma.

Kule Uswidi kuna Millesgården, karibu na Stockholm. Mchongaji Carl Milles na mke wake Olga, mchoraji, walitoa nyumba na bustani yao kwa wakfu mwaka 1936, wakiwa wazima. Mpaka leo watu wanaingia. Wengine watasema ni pesa ya Wazungu. Mimi nasema ni karatasi pia. Murumbi aliachia serikali nyumba yake pamoja na ahadi. Milles aliweka wakfu wenye kazi moja tu, kuitunza.

Sasa nyumbani. Babu yangu alichonga viti, nyanya anasuka vitunga mpaka leo. Shamba ni la kalinzi: ng'ombe alitolewa kwa chifu zamani, mashahidi karibu wote wamekufa. Jumamosi familia inakutana kugawanya parsele, na mjomba mmoja tayari ameleta mnunuzi.

Siombi makumbusho. Naomba kile chumba cha kazi, na ile parachichi ambayo babu alichongea chini yake, viandikwe kwa jina la familia nzima, nyanya atie kidole mbele ya chifu akiwa bado na nguvu. Wajomba watasema chumba cha udongo hakina bei. Nitawaambia habari ya Muthaiga, ile ilikuwa na bei kubwa sana.