Jangwa Lililochanua: Uhakiki wa Bustani Moja na wa Insha Zetu

Katika insha za wanafunzi wetu, na katika vitabu vingi tuvitumiavyo darasani, neno "jangwa" lina kazi moja tu, nayo ni kuonyesha ukosefu. Jangwa ni mchanga, kiu na mizoga. Mwandishi akitaka kusema kwamba mahali fulani hapana fikra, husema kuna jangwa la fikra. Nasi tuliyafundisha hayo kwa miaka mingi bila kuyatilia shaka, hadi Septemba ya mwaka jana, tulipoizuru Bustani ya Taifa ya Mimea ya Jangwa la Karoo, mjini Worcester, Afrika ya Kusini, katika msimu wa maua ya mwituni.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1921 karibu na Matjiesfontein, ikahamishiwa Worcester mwaka 1945. Eneo lake ni hekta 154, lakini sehemu iliyopandwa haizidi sana hekta 11; iliyobaki imeachiwa uoto wake wa asili. Sisi twauhesabu uamuzi huo kuwa sifa yake kubwa kuliko zote. Mgeni hutoka kwenye vitalu vilivyopangwa, akapanda kilima, akaikuta mimea ikiishi bila kupangwa na mtu. Ni kama kusoma shairi lililohaririwa huku muswada wa kwanza uko mezani.

Tulifika asubuhi, wingu limetanda. Maua tuliyoyafuata hayakuwapo! Mengi ya maua hayo, yale ya mimea yenye majani manene ambayo wenyeji huiita vygies na yale yafananayo na alizeti ndogo, hayafunuki mpaka jua liwake barabara. Msafiri mmoja tuliyefuatana naye alinung'unika kwamba nauli yake imepotea. Ilipokaribia saa sita wingu likapasuka, na kabla ya saa nzima kupita mteremko wote ulikuwa zambarau, manjano na rangi ya chungwa. Tukatoa daftari upesi, tukaandika: "Maua ya kila rangi yenye kunukia na kupendeza mno."

Tulipoirudia sentensi hiyo tuliona haya. Ndiyo ileile tuliyokwisha kuipa alama nzuri mara mia na zaidi. Tukainama, tukanusa ua moja, la pili, la tatu. Hatukusikia harufu yoyote. Harufu ile ilitoka katika kitabu cha kiada, si katika Karoo.

Basi tuandike nini badala yake? Twadhani tuanze na yale yanayotendeka. Ua la vygie likisha kunyauka huacha kikasha kidogo kikavu. Wakati wa ukame kikasha hicho hujifunga. Mvua ikikinyeshea hufunguka, na matone yenyewe ndiyo yarushayo mbegu. Kikikauka, hujifunga tena, na mara nyingi huwa kimebakiza mbegu kwa ajili ya mvua nyingine. Kuna pia mimea iitwayo Lithops, ifananayo na vijiwe hata msafiri Burchell, alipouona mmoja mwaka 1811, alidhani ameokota jiwe. Kuna mshubiri mkubwa wa kama mti, ambao Wasani walikomba matawi yake wakafanyia podo za mishale. Katika habari zote hizi hapana hata kivumishi kimoja cha kusifu, wala Kiswahili hakikupungukiwa: kunyauka, kufunguka, kukomba, podo. Maneno tunayo, ila tumeyaacha yalale kwenye kamusi.

Lakini mmea uliotushika kuliko yote ni ule ambao jina lake la Kiafrikana, halfmens, maana yake ni nusu-mtu. Ni shina moja refu lenye miiba, na kileleni lina kishungi cha majani kilichoinama upande wa kaskazini. Husimuliwa kwamba hao walikuwa watu waliofukuzwa kwao wakakimbilia kusini. Wakageuka kuitazama nchi waliyoiacha, wakawa mimea papo hapo. Wataalamu nao husema kwamba kilele hulielekea jua, kwani huko kusini mwa ikweta jua la kipupwe hukaa upande wa kaskazini. Wako walimu watakaomlazimisha mwanafunzi achague moja kati ya habari hizi mbili. Sisi hatukubaliani nao. Masimulizi yale yalitungwa na watu walioutazama mmea kwa makini hata wakajua umeinamia wapi, na jambo hilo sisi na daftari letu tulikuwa bado hatujaliona.

Tuliporudi shuleni tuliwatoa wanafunzi wa kidato cha tatu nje, wakati wa kiangazi, tukawaambia waeleze chochote kilichokauka uwanjani bila kutumia neno "kupendeza". Wengi walikaa muda mrefu wakitafuna kalamu. Wa kwanza kumaliza alileta mistari minne juu ya mbigili ulioganda kwenye soksi yake tangu nyumbani. Tulimpa nane kwa kumi; mbili tulizipunguza kwa ajili ya sarufi.