Makazi Nayo Hufundisha: Kukisoma Tena Kitabu cha Liisa Malkki

Mwaka 1995 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alichapisha kitabu chake Purity and Exile, kilichotokana na utafiti alioufanya katikati ya miaka ya 1980 miongoni mwa Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Tunakirejea kwa sababu kinahusu kazi ya mikono yetu. Makazi ya Mishamo yalianzishwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, Umoja wa Mataifa na TCRS, huduma iliyozaliwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Malkki analinganisha Mishamo na mji wa Kigoma. Mishamo, ambako mtu hakutoka bila kibali, wakimbizi walijisimulia kuwa taifa moja lililo uhamishoni, likingojea kurudi. Kigoma mjini wenzao walifanya biashara, wakaoana na wenyeji, na wengi hawakupenda kuitwa wakimbizi. Hoja yake ni kwamba mahali tunapomweka mtu humfundisha yeye ni nani.

Hoja hiyo yatupasa kuipokea kwa unyenyekevu. Tumezoea kuhesabu visima, zahanati na madarasa, tukasahau kwamba hata utaratibu wa vibali ni somo, na mtoto hulijifunza kabla hajajua kusoma.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu. Kinawasikiliza wasimulizi wa historia kuliko akina mama na watoto. Katika makazi yale watoto walisoma kwa Kiswahili, kwa mtaala wa Tanzania. Mwaka 2007 wakimbizi wa makazi ya zamani walipopewa nafasi ya kuchagua, takriban wanne kati ya kila watano walichagua uraia wa Tanzania. Mwaka 2010 maombi zaidi ya 160,000 yalikuwa yamekubaliwa. Hatusemi kwamba Malkki alikosea, kwani alipofanya utafiti wengi wa waombaji hao walikuwa bado watoto, na wengine hawajazaliwa. Twasema kwamba ngano ya wazee haikuwa mwalimu pekee wa nyumba zile.

Jambo hili si la kale. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, vimezaliwa vizazi visivyoijua nchi ya wazazi wao, nao wamefundishwa kwa mtaala wa nchi hiyo. Sababu yake yaeleweka: mtoto asiwe mgeni siku atakaporudi. Lakini je, akikaa miaka ishirini asirudi, somo hilo limemwandaa kwa maisha gani? Na wazazi wake waliulizwa lini?

Kwa hiyo twawashauri wanafunzi wetu watakaotumwa katika huduma hiyo wakisome kitabu hiki kwa makini. Kisha, kabla ya kupanga ratiba ya masomo, wakakae na familia na kuwauliza wanataka watoto wao wajue nini.